Ruzuku ni ileile, shule si zilezile: Serikali na pengo la elimu

Kila Januari hapa Tanzania mjadala ni uleule. Waziri anasema redioni kwamba elimu ni bila ada, na anasema kweli. Mzazi ameshika fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, ndani mna sare, madaftari, rimu ya karatasi, jembe, fagio na fedha ya chakula, anauliza hiyo bure iko wapi, naye anasema kweli. Wanagombana kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitu chake. Wakati wanagombana, swali zito zaidi linapita bila kuulizwa: ada ikishafutwa, pengo kati ya mtoto wa Masasi, kule Mtwara, na mtoto wa Masaki, mtaa wa wenye nacho Dar es Salaam, limepungua kwa kiasi gani?

Limepungua upande mmoja, upande mwingine lipo palepale. Ili kuona ni upande upi, inabidi kufuatilia jinsi Serikali ilivyobadilisha kazi yake tangu uhuru, maana haikuwa ikifanya kitu kilekile miaka yote.

Maneno kwanza

Ada ni fedha ambayo usipoilipa mtoto hana haki ya kukaa darasani. Mchango ni fedha au kitu ambacho wazazi wanakubaliana kutoa kwa jambo maalumu: uji wa mchana, mlinzi, dawati. Ruzuku ni fedha ambayo Serikali Kuu hupeleka shuleni kwa hesabu ya vichwa vya wanafunzi. Ikama ni idadi ya walimu ambayo shule inatakiwa kuwa nayo kulingana na wanafunzi wake na masomo yanayofundishwa. Hili la mwisho halisikiki sana mitaani, lakini ndilo lililobeba fedha nyingi kuliko hayo mengine yote, na tutalirudia.

Halafu kuna neno "Serikali" lenyewe. Darasa likivuja, wengi humlaumu Waziri wa Elimu. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia inatunga sera, inasimamia mitaala kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani kupitia NECTA, na inatuma wathibiti ubora kukagua. Shule zenyewe za msingi na sekondari zinaendeshwa na halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mwenye fedha ni Hazina. Ndiyo maana malalamiko ya mzazi huzunguka kama barua isiyo na anwani: aliyeandika sera siye anayepanga walimu, na anayepanga walimu siye anayetoa fedha.

Haya yote ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake, kwa kuwa elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, na ilishatangaza elimu bure tangu Septemba 1964. Hiyo inastahili makala yake.

Serikali iliyokuwa ikigawa

Mkoloni aliacha shule za aina tatu: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Ubaguzi huo wa rangi ulifutwa mwaka 1962. Uliobaki ulikuwa wa ramani. Wamisionari walijenga shule walikokuwa na misheni zao, na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Bukoba walikuwa na fedha za kusomesha. Kusini, katikati na magharibi mwa nchi shule za namna hiyo zilikuwa za kutafuta. Kwa hiyo uhuru ulimkuta mtoto mmoja amezaliwa jirani na sekondari, na mwenzake hajawahi kumwona mtu aliyesoma sekondari.

Serikali ya Mwalimu Nyerere ililikabili hilo kwa mkono mzito. Ada za sekondari ziliondolewa mwaka 1964. Azimio la Arusha lilikuja Februari 1967, na mwezi uliofuata ikatolewa sera ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1969 sheria mpya ya elimu ikaziweka shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali chini ya Serikali yenyewe. Leo wapo wanaolisimulia hilo kama unyang'anyi na wapo wanaolisimulia kama ukombozi, kutegemea nani alikuwa ndani ya geti na nani alikuwa nje. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba baada ya hapo, dini ya mtoto haikuweza tena kuwa sharti la kupata nafasi katika shule hizo.

Kisha ukaja mgao wa mikoa. Nafasi za kidato cha kwanza katika shule za Serikali hazikugawanywa kwa alama pekee nchi nzima. Kila mkoa ulipewa fungu lake kwa kuangalia idadi ya wahitimu wa darasa la saba, na wasichana wakatengewa nafasi zao. Mtoto wa Rukwa alishindana na watoto wa Rukwa. Aliyechaguliwa mara nyingi alipelekwa bweni mkoa mwingine kabisa, akiwa na waranti ya safari mkononi, anapanda treni au basi kwa gharama ya Serikali. Wazee waliosoma enzi hizo bado wanaizungumzia ile waranti kwa uchangamfu kuliko cheti chenyewe.

Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipindi ambacho Serikali Kuu iligusa pengo kwa mkono wake moja kwa moja. Ilichukua nafasi, ilichukua walimu, ikavigawa kwa makusudi ili mikoa ya nyuma ipate zaidi ya ambavyo soko au historia vingeipa.

Gharama yake ilikuwepo. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno nchi nzima. Chini ya mtoto mmoja kati ya kumi waliomaliza darasa la saba ndiye aliyeingia sekondari ya Serikali. Mtoto wa Kilimanjaro angeweza kuachwa akiwa na alama ambazo mkoa mwingine zingemvusha bila shaka. Wazazi wa huko hawakukaa kulalamika tu. Walichanga, wakashirikiana na makanisa na jumuiya zao, wakajenga sekondari zao wenyewe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, sekondari zisizo za Serikali zilikuwa nyingi kuliko za Serikali, na Kilimanjaro na Kagera zilikuwa mbele. Pengo ambalo Serikali ililisukuma nje kwa mlango wa mgao lilirudi ndani kwa dirisha la shule binafsi.

Upande wa msingi, ada zilifutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafunzwa vijijini kwa muda mfupi huku wakifundisha, na jina la "mwalimu wa UPE", kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, likabaki kwenye masimulizi hadi leo, mara kwa heshima, mara kwa utani. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima.

Serikali iliyorudi nyuma

Kisha fedha zikaisha. Bei ya mafuta, Vita vya Kagera, kushuka kwa mazao ya biashara, na baadaye masharti ya wakopeshaji: vyote vilikuja kwa mfululizo. Katikati ya miaka ya 1980 ada za sekondari zilirejeshwa, na shule za msingi zikawa na mchango wa UPE na mingineyo. Sera ikaitwa kuchangia gharama. Uandikishaji wa shule za msingi, uliokuwa umevuka asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa chini ya asilimia 80 mwaka 2000. Waliotoka kwanza ni watoto wa maskini na wa mbali.

Sitakaa sana hapa. Inatosha kukumbuka kwamba mtu anayesema "zamani elimu ilikuwa bure" na anayesema "zamani tulilipa" wanaweza kuwa ni mtu na mdogo wake.

Serikali inayolipa kwa kichwa

Mwaka 2001 ada na michango ya lazima katika shule za msingi vikafutwa, na kuanzia 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza. Hapa ndipo ruzuku kwa kila mwanafunzi ilipoingia kwa kishindo: dola 10 za Marekani kwa mtoto kwa mwaka. Watoto wakafurika. Darasa la kwanza lilijaa watoto wa miaka saba wakiwa wamekaa pamoja na wa miaka kumi na miwili waliokuwa wakiisubiri nafasi hiyo.

Walipokaribia kumaliza, Serikali ikaanzisha MMES mwaka 2004, mpango wa sekondari, na agizo likawa kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakapandisha kuta, Serikali ikaezeka. Shule zilipatikana kwa maelfu. Mtaani zikapachikwa jina la "yeboyebo", kwa zile ndala za plastiki za bei rahisi. Lilikuwa jina la dharau, lakini lilisema jambo la kweli: jengo lilifika kabla ya mwalimu, maabara na kitabu. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, watahiniwa wapatao sita kati ya kila kumi walipata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013.

Zingatia badiliko lililotokea hapo. Zamani Serikali ilimchukua mtoto wa mkoa wa nyuma ikampeleka kwenye shule nzuri. Kwa shule za kata, ilimpelekea shule pale alipo. Idadi ya walioingia sekondari iliongezeka kupita mfano, na wasichana wa vijijini walionufaika ni wengi mno kuzibeza shule hizo. Ila sasa mtoto anasoma katika shule inayofanana na kata yake. Kata ikiwa maskini, shule nayo.

Hatua ya mwisho ya njia hii ilikuwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Kabla yake mwanafunzi wa kutwa alilipa shilingi 20,000 kwa mwaka na wa bweni 70,000. Serikali ikaanza kufidia fedha hizo, na ruzuku ikaanza kutoka Hazina moja kwa moja hadi akaunti ya shule bila kupitia halmashauri. Mwaka 2022 ada za kidato cha tano na cha sita nazo zikafutwa.

Bure ya nani?

Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 uligawa majukumu kwa maandishi, na ni bahati mbaya kwamba wazazi wachache wameuona. Serikali inabeba ada, ruzuku, na chakula cha wanafunzi wa bweni. Mzazi wa mwanafunzi wa kutwa anabeba sare, madaftari, kalamu, chakula cha mchana, matibabu na nauli. Kwa hiyo ile fomu ya Januari, kwa sehemu kubwa, haivunji sera. Inaorodhesha yale ambayo sera haikuwahi kuahidi kuyalipa.

Na michango, imepigwa marufuku? Hapana, ingawa ndivyo wengi walivyoelewa kauli ya Rais Magufuli ya Januari 2018. Alichokataza ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango na walimu kushika fedha hizo. Anayetaka kuchangia akaelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mchango wa hiari uliokubaliwa na wazazi unaruhusiwa. Utata unaanzia pale ambapo hiari ya mkutano wa wazazi inageuka kuwa daftari lenye majina ya wadaiwa.

Kufuta ada ni kama kufuta nauli ya daladala. Aliye kituoni anapanda, hata yule aliyekuwa hana senti, na hilo si jambo dogo. Lakini aliyeko mahali ambako daladala haifiki hajaongezewa kitu, na aliyepanda gari bovu atafika kwa kuchelewa vilevile. Takwimu za uandikishaji zinahesabu waliopanda.

Hesabu ambayo haitangazwi

Sasa tuingie kwenye fedha zenyewe, maana hapa ndipo imani iliyoenea kuliko zote inapovunjika: kwamba Serikali inazipa shule zake zote sawa.

Kwa viwango vya waraka wa 2016, mwanafunzi wa msingi anatengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinakwenda shuleni. Wa sekondari ana 25,000, nusu ya vitabu na nusu ya shule. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi. Shule ya wanafunzi 1,000 inapata 500,000 kwa mwezi; shule ya wanafunzi 150, kule mwisho wa barabara, inapata 75,000. Zote mbili zinahitaji chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha ofisi na nauli ya mwalimu mkuu kwenda makao makuu ya wilaya. Shule ndogo ya mbali ndiyo yenye nauli kubwa kuliko zote. Ukigawa kwa kichwa, shule yenye vichwa vichache inaumia, hata kama kila kichwa kimepata haki yake.

Kiwango chenyewe nacho kimeliwa. Dola 10 za mwaka 2001 zilikuwa karibu shilingi 10,000. Mwaka 2016 ruzuku ilikuwa bado shilingi 10,000, wakati dola moja ilishapita shilingi 2,100. Ruzuku ilikaa palepale, chaki haikukaa.

Hata hivyo ruzuku ni fedha ndogo. Fedha kubwa ambayo Serikali inaipeleka shuleni ni mshahara wa mwalimu, na haigawanywi kwa kichwa cha mwanafunzi. Inamfuata mwalimu alipo.

Tuchukue shule mbili za kubuni, kila moja na wanafunzi 800. Ya kwanza iko mjini, ina walimu 20. Ya pili iko kijiji cha mbali, ina walimu 8. Tuseme kila mwalimu analipwa 700,000 kwa mwezi. Shule ya mjini inapokea mishahara ya shilingi milioni 168 kwa mwaka, yaani 210,000 kwa kila mwanafunzi. Ya kijijini inapokea milioni 67.2, yaani 84,000 kwa mwanafunzi. Tofauti ni 126,000 kwa kila mtoto, kila mwaka. Ruzuku yote ya mtoto wa msingi, pamoja na sehemu ya vitabu, ni 10,000. Unaweza kuifanya ruzuku ya kijijini iwe mara tano na bado usilifikie pengo hilo hata nusu.

Kiwango cha ikama kinachotajwa rasmi kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Katika mfano wetu mjini wamekaa vizuri, mmoja kwa 40, na kijijini ni mmoja kwa 100. Ukichukua wastani wa shule hizo mbili unapata mmoja kwa 57, namba ambayo ikisomwa bungeni haimshtui mtu. Ndiyo maana nina mashaka na wastani wa kitaifa kila unaponadiwa: unaficha kilekile tunachokitafuta.

Kwa nini mwalimu hakai kijijini? Kila mtu anajua, na siyo uvivu. Nyumba ya mwalimu haipo au paa limetoboka, maji ni ya kuchota mbali, mshahara unafuatwa mjini, na anayeumwa anabebwa kwa bodaboda. Kisha kuna uhamisho wa kumfuata mwenza, ambao ni haki, na ambao kwa kawaida huelekea mjini. Halmashauri zina kitu kinachoitwa msawazo wa walimu, kuhamisha kutoka shule zenye ziada kwenda zenye upungufu. Lakini kumhamisha mtumishi kunadai posho ya uhamisho, na isipokuwepo kwenye bajeti inakuwa deni. Madai ya uhamisho yamekuwa wimbo wa walimu kwa miaka mingi. Mkurugenzi aliyebanwa anaona ni nafuu kumwacha mwalimu alipo.

Huku nyuma wazazi wa kijiji wanajitafutia mwalimu wa kujitolea, kijana aliyehitimu na hajaajiriwa, wanamlipa kwa mchango. Hebu tazama mzunguko huo: wale waliopata walimu wachache wa Serikali ndio wanaolipa mwalimu mfukoni, na wanapochangishwa tunawaambia elimu ni bila malipo.

Serikali inayojenga na kupima

Kazi ya miaka ya karibuni imekuwa ujenzi na vipimo. Mwaka 2021 Serikali ilichukua mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 wa takribani shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, yaani zile shule ndogo zinazoshikizwa kwenye shule mama ili watoto wadogo wasitembee mbali. Mradi wa SEQUIP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umekuwa ukijenga sekondari mpya pamoja na shule 26 za wasichana za sayansi, moja kila mkoa. Hiyo ya shule za mikoa inanivutia kwa sababu inarudia fikra ya zamani, kuchukua watoto kutoka kila kona na kuwaweka kwenye shule iliyokamilika. Waraka wa mwishoni mwa mwaka 2021 ukaruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, jambo ambalo halikuhitaji tofali hata moja.

Upande wa vipimo, tangu mwaka wa fedha 2014/2015 kumekuwa na mpango wa kulipa kulingana na matokeo, kwa fedha za Benki ya Dunia, Sweden na Uingereza. Halmashauri inapata fedha ikitimiza malengo, na mojawapo ni kupunguza tofauti ya uwiano wa walimu baina ya shule zake. Ni kigezo kizuri kuliko vingi, kwa kuwa kinatazama tofauti yenyewe. Ila kinapima ndani ya halmashauri moja. Halmashauri yenye upungufu kila kona inaweza kusawazisha upungufu wake ukawa sawa kote, ikapata alama.

Ujenzi nao una kasoro ambayo haisemwi sana. Utaratibu wa maboma ni kwamba wananchi wanapandisha kuta hadi usawa wa lenta, kisha Serikali inamalizia. Ni utaratibu unaoheshimu nguvu za watu, nami siupingi. Lakini kijiji chenye korosho au kahawa ya bei nzuri kinapandisha boma mapema kuliko kijiji kilichokosa mvua. Fedha ya Serikali Kuu inamfuata aliyekwisha anza, na aliyeshindwa kuanza ndiye mwenye shida zaidi.

Je, pengo ni kati ya shule binafsi na za Serikali tu?

Wengi wakisikia usawa wa shule wanawaza basi la njano la shule ya Kiingereza na mtoto anayetembea kwa miguu kando yake. Pengo hilo lipo, na lugha inalipanua: aliyesoma msingi kwa Kiingereza anaingia kidato cha kwanza akiendelea, mwenzake anaanza upya kwa lugha asiyoijua.

Lakini ndani ya shule za Serikali pekee kuna tabaka. Zipo za vipaji maalumu, kama Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Tabora, Kilakala na Msalato, zenye mabweni na wanafunzi waliochujwa. Zipo shule kongwe nyingine za bweni. Zipo za msingi za Serikali mijini zinazofundisha kwa Kiingereza, ambako wazazi huchangia. Kisha kata. Zote hizo ni za mwenye mali mmoja, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kuamua mwalimu wa hisabati aende ipi.

Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, kwa hoja kwamba ni kuzitangaza shule kibiashara na kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayofanana. Hoja hiyo ya pili ni nzito. Kushindanisha shule yenye maabara na shule yenye mwalimu mmoja wa sayansi kunapima maabara. Wasiwasi wangu ni upande wa pili: tukiacha kuzitazama za juu, tusije tukaacha pia kuzitazama za chini, maana zile kumi za mwisho zilikuwa zinaleta aibu yenye faida.

Kinachokuja

Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, lililozinduliwa mapema mwaka 2025, linafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Darasa la saba linaondoka. Kwa mpangilio wa mtaala ulioanza mwaka 2024, mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza kwa pamoja, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea makundi mawili kwa mkupuo.

Madarasa yanaweza kujengwa kwa miezi michache. 2021 ilionyesha hivyo. Walimu ni habari nyingine. Mwalimu wa fizikia atakayesimama mbele ya kidato cha kwanza Januari 2028 anapaswa kuwa na kibali cha ajira ndani ya bajeti ya 2027/2028 kwa kuchelewa kabisa, na akipangwa mwezi huohuo anaoanza kazi atakuta kata ambazo hazikuwa na mwalimu wa fizikia hata kwa mkondo mmoja, sasa zina miwili. Kwa hiyo bajeti ya TAMISEMI ikisomwa, pamoja na idadi ya madarasa, tafuta idadi ya vibali vya ajira za walimu, kisha tafuta vimepelekwa halmashauri zipi.